Washa, Zima na Zindua

Lugha yetu haikuungoja umeme ufike pwani ndipo itafute maneno ya kuutumia. Maneno ilikuwa nayo tayari, jikoni na uani. Taa ya umeme twaiwasha kwa neno lile lile la kuwashia kuni na koroboi, na tukitaka giza twaizima kama tuzimavyo kaa la moto. Na jina la nguvu yenyewe tulilishusha kutoka mawinguni, kwani umeme ulikuwa wa radi kabla haujawa wa nguzo. Simu nayo, kwa asili yake ya Kiajemi, ni waya, na kamusi kongwe zaitaja kwa maana ya habari zipelekwazo kwa njia ya waya. Ama neno waya lenyewe, lililotufikia kutoka kwa Waingereza, tumelilea hata likazaa wingi wake, nyaya, kama kwamba lilizaliwa hapa hapa pamoja na wayo na nyayo. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo lugha yaweza kumpa mgeni.

Kitufe nacho kina nasaba yake: ni tufe lililofanywa dogo. Na kubofya, neno ambalo vijana hulitumia mchana kutwa mbele ya kompyuta, ni kazi ya kidole cha mnunuzi sokoni juu ya embe au parachichi, akitaka kujua kama limeiva. Aliyelihamisha neno hilo kutoka kwenye tunda na kulipeleka kwenye kioo alikuwa mshairi, hata kama hakupata kutunga ubeti mmoja maishani mwake.

Nayasema haya kwa sababu nimekuwa mfasiri kwa zaidi ya miaka 25, na mfasiri ambaye hakupita chuo chochote hana budi kujifunza kwa kugusa. Kiingereza nilikipata kwa redio na kwa kamusi moja iliyokwisha kupoteza jalada. Ushairi niliupata barazani, na kanuni zake katika kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954. Habari za kompyuta nilizipata kwa kuzifungua. Kizazi chetu kilichelewa kukutana na chombo hicho: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, nami wakati huo nilikuwa mtoto mdogo, na miaka mingi ikapita kabla sijaiona moja kwa macho. Nilipoiona nilitaka kujua kilichomo ndani yake kabla ya kujua kazi yake.

Majina yakafuata. Wapo walioiita ngamizi, na ndugu zetu wa Kenya wakashika tarakilishi. Watu wengi wakabaki na kompyuta, wala sioni kosa lao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kuhesabia zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Nilizipokea kwa furaha kama ya mtu aliyesikia lugha ya mama yake ugenini. Hata hivyo, wataalamu na wanisamehe, mengi ya maneno tuliyoletewa tangu hapo hayakai vinywani, na dhana yangu ni kwamba walioyaunda waliketi mbali na chombo. Neno la chombo hutafutwa mkono ukiwa juu ya chombo.

Neno lililonitaabisha mimi ni la kitufe kidogo. Kasha la kompyuta, tangu zamani, lilikuwa na vitufe viwili usoni pake. Kimoja ni cha kuiwasha, nacho hakina mgogoro. Cha pili, kidogo zaidi na aghalabu kilichochimbiwa ndani ili kisiguswe kwa bahati mbaya, kazi yake ni kuikatiza mashine iliyokwama na kuilazimisha ianze tena tangu alifu bila ya kuikata umeme. Makasha mengi ya siku hizi hayana tena kitufe hicho. Nisingalikifikiria kabisa kama si mzee mmoja wa Kaole.

Kaole iko kilomita zipatazo 5 kusini ya mji wa Bagamoyo, karibu na yale magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ambayo wageni huja kuyatazama. Jina la mzee sitalitaja, kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti na nazi za mrima kuzipeleka Unguja, na akarudi na chochote kilichopatikana. Ni mtunzi wa tenzi. Aliziandika kwa khati za Kiarabu katika madaftari ya shule, kwa kalamu ya wino, mistari yake ikiwa imelala sawasawa kama mbavu za chombo kipya. Utenzi alio nao mkononi hivi sasa ni wa majahazi na mabaharia aliowajua: chombo gani kilijengwa wapi, nani alikuwa nahodha wake, nani serahangi, kaskazi gani au kusi gani ilikichukua, na nani hawakurudi. Majina hayo hayamo katika jalada la ofisi yoyote. Yamo katika kichwa cha mtu mmoja.

Mwaka 2021 mtu huyo alipigwa na kiharusi. Ulimi ulirudi baada ya miezi michache, na kumbukumbu, kwa rehema za Mungu, haikuondoka. Mkono wa kulia haukurudi. Wa kushoto haukuwa na khati. Alijaribu kuufundisha, akayaona maandishi yake yakitambaa kama ya mtoto wa chuoni, akalifunga daftari. Wajukuu zake wakachangishana wakamnunulia kompyuta iliyokwisha kutumika, ya kasha refu la bati, naye akajifunza kuandika kwa herufi za Kirumi, kidole kimoja kimoja cha mkono wa kushoto. Nilikuwa nikienda Ijumaa kumsomea alichoandika ili asikilize mizani kwa sikio.

Ijumaa moja nilikuta hakuandika kitu wiki nzima.

"Shikamoo, nahodha. Wiki hii bahari imekauka?"

"Marahaba, mwanangu. Bahari imejaa. Mlango ndio umefungwa."

Mlango wenyewe ulikuwa kile kitufe cha kuwashia. Kasha lilikaa sakafuni chini ya meza, na kitufe chake kilikuwa na ukubwa wa punje ya dengu, kimezama ndani ya uso wa kasha. Kukifikia kulimtaka mzee ainame, ajishike, na akisukume kwa ncha ya kidole kilichonyooka. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi mambo hayo matatu kwa pamoja. Mchana alimwita mjukuu. Lakini beti zake humjia saa tisa za usiku, anapoamka kwa ajili ya sala, na saa hizo mjukuu amelala, na ana mtihani. "Nitamwamsha mtoto wa watu kwa ajili ya kina cha kati?" akaniuliza. Akawa anausema ubeti kimya kimya mpaka alfajiri, na asubuhi, alivyoniambia, ubeti hurudi umepungua mizani, na mara nyingine umepungukiwa na mtu.

Fundi mmoja wa mjini aliyeulizwa alitoa ushauri wa aina mbili: wanunue kasha jipya, au waiache mashine ikiwaka usiku na mchana. Kasha jipya lingekuwa na kitufe kidogo vile vile, na luku haijazwi kwa tenzi. Mimi nilitoa rai ya tatu. Kompyuta nyingi zina mpangilio, mahali zinapohifadhi desturi zake za kuamkia, wa kuziamuru zijiwashe zenyewe kila umeme unaporudi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba chombo hakitweki tanga kikiwa hakina mtu, na kwamba yeye hataki kuamka akute mashine imemtangulia. Nikaelewa kwamba hakuwa akiomba kompyuta iwake. Aliomba aiwashe yeye.

Hapo sina budi kumweleza msomaji jinsi kitufe hiki kinavyofanya kazi, kwani mambo yote yaliyofuata yanategemea hilo. Katika kompyuta za mezani za zamani, swichi ya kuwashia ilibeba umeme wenyewe wa ukutani, volti 220 na ushei, ukipita kwenye nyaya nene hadi usoni mwa kasha. Ukiibonyeza ilibaki ndani, na kuichokoa bila ya kuchomoa plagi kulikuwa kucheza na mauti. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu mpya uitwao ATX, na mambo yakageuka. Tangu hapo mashine iliyochomekwa haizimiki kabisa: hubaki na umeme mdogo wa akiba, volti 5, kama kaa lililofukiwa majivuni, na bodi kuu hukaa macho ikingoja ishara. Kitufe huziunganisha pini mbili kwa muda wa kupepesa jicho tu, na bodi ikipata ishara hiyo ndiyo inayouambia mtambo wa umeme utoe nguvu zote. Ndiyo maana mafundi wa Kariakoo huiwasha bodi isiyokuwa na kasha kwa kuzigusisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi, jambo ambalo humstaajabisha asiyejua.

Kwa hiyo kitufe ni mpeleka habari. Mji wetu uliwahi kukijua kitu cha namna hiyo zamani sana. Waya wa simu wa chini ya bahari uliifikia Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, na mwaka 1890 ukavushwa kutoka Unguja hadi Bagamoyo na kuendelea Dar es Salaam. Aliyeketi mwishoni mwa waya ule alikuwa na kitufe chenye springi: akibonyeza, nyuso mbili za madini zinakutana, akiachilia, zinaachana. Kitufe cha kompyuta hakina elimu zaidi ya hiyo.

Na ikiwa ndivyo, basi chochote chenye springi na nyuso mbili chaweza kuwa kitufe cha kompyuta. Tahadhari ni moja. Swichi ya taa haifai, kwa sababu ikibonyezwa hubaki ilivyo, na bodi ya kompyuta, ikiona pini zake zimeshikana kwa sekunde 4 mfululizo, huhesabu kuwa mwenye nyumba ameamuru izimwe kwa nguvu. Kinachofaa ni kibonyezo cha kengele ya mlango. Kipo kile cha ukutani chenye uso wa mraba na bapa pana la kubonyeza, ambalo kiganja kizima chaweza kulilalia. Kimetengenezwa kwa umeme wa nyumba, na kwa umeme hafifu wa kompyuta ni kama kumtwisha pagazi karatasi.

Nilikwenda kukinunua Kariakoo. Njia ya kutoka Bagamoyo yapita Zinga, Kerege, Mapinga na Bunju, na mahali fulani upande wa kushoto wa njia hiyo, ufukweni kaskazini ya Dar es Salaam, iko Ras Kiromoni, ambako waya mnene wa umeme huzama baharini na kwenda kuibukia Fumba, Unguja. Uko hapo tangu 1980, na mwenzake aliongezwa mwaka 2013. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa thamani yake. Walikaa gizani takriban mwezi mzima Mei na Juni 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Ndani ya daladala niliwaza kwamba mji wenye Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Afrika Mashariki kupata taa za umeme, baada ya miaka mia na ushei ulikuwa ukingoja kiwashio kilichoko ng'ambo ya mkondo. Mzee wangu naye alikuwa na kiwashio chake ng'ambo, chini ya meza.

Waya sikununua. Nilikuwa na kipande cha waya wa mtandao, ule wa rangi ya kijivu unaounganisha kompyuta kwa kompyuta, urefu wake mita 2. Ukiuchuna ngozi utakuta ndani yake nyaya 8 nyembamba, zimesokotwa mbili mbili, jozi 4. Nyaya 8 katika jozi 4: mpenzi wa tenzi hahitaji kuambiwa kwa nini nilitabasamu, maana ubeti wa utenzi ni vipande 4 vya mizani 8. Haikuwa ishara ya lolote. Lakini ilitosha kabisa kwa kazi, kwa sababu uso wa kasha la kompyuta unadai jozi 4 barabara: ya kuwashia, ya kile kitufe cha pili, ya taa ya kuonyesha kwamba mashine i hai, na ya taa ya diski inayopepesa pale diski inapoandika au kusoma.

Katika bodi nyingi jozi hizo zote huishia kwenye shada moja la pini, mistari miwili yenye nafasi 10, lakini pini ni 9. Nafasi moja imeachwa wazi makusudi ili mtu ajue upande. Maandishi yake ni madogo kuliko nukta za msahafu, nami kwa umri wangu niliyasoma kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa tochi, kisha nikayahakikisha katika kijitabu cha bodi hiyo, kwani si bodi zote zilizofuata mpango mmoja. Vitufe havina chanya wala hasi. Waya huu ukae huku au kule, ni mamoja. Taa zinazo: ukizigeuza haziharibiki kwa umeme mdogo kama huu, ila haziwaki. Vichwa vidogo vya plastiki vya kuvalisha pini nilivikata kutoka kasha bovu lililokuwa likifugiwa vifaranga kwa jirani.

Kuhusu kasha lenyewe niliamua kutoligusa. Bati lake ni ngao, na mapepeo yake yamekaa yanapotakiwa kukaa. Nilitaka vitufe viondoke pale na kuja juu ya meza, ndani ya kisanduku chao wenyewe, na kazi hiyo nikampelekea seremala wa mjini anayechonga milango. Alizoea kupokea maombi ya mahoteli: makasha yenye misumari ya shaba, fremu za vioo. Nilipomwambia nataka kisanduku cha mninga chenye mteremko kama wa rehali, chenye tundu la mraba mbele, matundu mawili ya ukubwa wa kunde kwa ajili ya taa, na uzito wa kutosha kisisogee kikilaliwa na mkono, hakucheka. Aliuliza mkono wa nani. Nikamweleza. Akafunga safari mpaka Kaole akaupime kiganja cha mzee kilipoangukia juu ya meza, akaweka alama kwa penseli. Mimi sikuwa nimefikiria hilo.

Ugomvi ukazuka juu ya kitufe cha pili. Mimi nilishikilia kwamba tusikiweke. Kitufe hicho hakiulizi wala hakihifadhi; kikiguswa, kila kisichokwisha kuandikwa katika diski hupotea, na mkono usiotii waweza kukigusa. Nikamwambia mzee: mashine ikikwama, kandamiza bapa la kuwashia kwa sekunde 4, itazimika, kisha iwashe. Mzee hakukubali. Sekunde 4 za kukandamiza, alisema, ni nyepesi kwangu na si nyepesi kwake, mkono wake hutetemeka na huachilia kabla ya wakati. Isitoshe, akasema, chombo kikikwama mwambani hakishushwi tanga na nanga kwa pamoja. Kuna namna ya kukitikisa.

"Basi kitufe chenyewe tukiiteje?" nikamwuliza, kwa sababu seremala alitaka kuchonga maneno.

Nilikuwa na orodha. Anzisha upya, weka upya, rejesha: yote yameandikwa mahali fulani na yote yanaeleza matokeo, hakuna linaloeleza tendo. Nilikuwa na fufua, ambalo nililipenda kwa siri. Mzee akalikataa papo hapo. Kufufua, alisema, kuna mwenyewe. Tena mashine iliyokwama haikufa, taa yake yawaka, pepeo lake lavuma, ila husemi nayo. Mtu akiwa hivyo husemwaje?

"Husemwa amezimia."

"Na aliyezimia hufanywaje?"

Huzinduliwa. Nilikaa kimya muda mrefu. Neno zimia limetoka ndani ya zima, na mara zote nilizolitumia katika tafsiri zangu sikuwahi kuliona limeketi hapo, kati ya mashine inayowaka na mashine iliyozimwa, likiingoja hali ile hasa. Na zindua ndiyo dawa yake kwa Kiswahili tangu enzi: ni maji yanyunyizwayo usoni, ni sauti ya kumwita mtu kwa jina lake. Nikamtajia pingamizi moja, kwamba siku hizi magazetini zindua ni kazi ya mawaziri, huzindua vitabu na visima kwa kukata utepe. Akasema utepe wataukuta wenyewe. Kisha akayapanga maneno matatu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akayatia herufi moja ya kuunganisha, akahesabu: washa, zima na zindua. Mizani 8.

Tulipatana hivi. Kitufe cha kuzindulia kiwepo, lakini kisiwe usoni. Yeyote aliyewahi kulifungua kasha la kale la Unguja anajua kwamba chini ya droo zinazoonekana mara nyingi kuna nyingine isiyoonekana, ambamo bibi zetu waliweka dhahabu na hati. Seremala akatengeneza droo ya namna hiyo ubavuni mwa kisanduku, ya kuvuta kwa kidole kimoja, na ndani yake nikakaza kibonyezo kidogo cha duara. Mkono unaotetemeka hauwezi kukiangukia kwa bahati. Mkono unaokitafuta hukifikia.

Taa nazo zilikuwa na maoni ya nahodha. Nilileta za buluu, kwa kuwa ndizo za kisasa. Akasema mwanga wake wamchoma macho usiku na haujui maana yake. Akaagiza ya kijani iwekwe upande wa kulia na nyekundu upande wa kushoto, kama taa za chombo baharini. Kijani ikawa ya uhai, nyekundu ikawa ya diski, na hukumu yake ikawa nyepesi kukumbuka: nyekundu ikiwa inapepesa, droo haifunguliwi, maana diski iko kazini.

Kulehemu kulinichukua alasiri moja. Pwani hii shaba huota ukijani ndani ya msimu mmoja wa kusi, kwa hiyo kila kiungo nilikivisha mrija mwembamba wa plastiki unaojibana ukipashwa moto, badala ya tepu nyeusi ambayo joto la Bagamoyo huilainisha mpaka ikatambaa. Nilipima kila jozi kwa mita kabla ya kuifikisha kwenye bodi: bonyeza, mita inalia, achilia, inanyamaza. Plagi nilikuwa nimeichomoa ukutani tangu mwanzo. Ndani ya programu nikapanga mambo mawili: andiko lijihifadhi kila baada ya dakika 2, na bapa la kuwashia likiguswa wakati mashine inafanya kazi, mashine iandike kila kilichomo kumbukumbuni katika diski ndipo ijizime. Chini ya meza tukaweka betri ya akiba, ya kuipa muda wa kufanya hivyo umeme unapokatika.

Seremala alichonga maneno kwa khati za Kiarabu, kwa kufuata mwandiko wa mzee kutoka daftari la kale. Juu ya bapa pameandikwa washa upande mmoja na zima upande wa pili. Zindua imechongwa ndani ya droo, haionekani mpaka uivute.

Kwa sasa utenzi umepita beti 300. Nimeanza kuufasiri kwa Kiingereza, na nimekwama katika ubeti wa chombo kimoja kilichozama na watu 7, kwa sababu majina ya mabaharia wale yamekaa kwenye vina, na Kiingereza hakina vina vya majina yetu. Kitufe cha kuzindulia kimetumika mara mbili, kwa habari nilizo nazo. Mjukuu alifaulu mtihani. Na seremala ameletewa ombi la kisanduku cha pili, la mwalimu mmoja mstaafu wa Mlingotini ambaye macho yamemwishia na hutumia mashine inayomsomea kwa sauti. Huyo hataki taa yoyote, anataka bapa lenye ukingo mkavu ambao kidole kitautambua, na amesema maneno yachongwe kwa kina.